Ngozi ya Mbuzi Tuliyemla Pamoja

Kiritiri, jioni ya kuamkia safari yako

Igoki wangu, mama mkwe wangu mdogo kwa jina ulilorithi kwa cucu yako,

Umeninunia tangu juzi, nami nimekuacha unune, kwa sababu ni haki ya mtu aliyeona pasi yake ya safari ikiingia mlangoni na kutoka tena kabla hajaigusa. Uliniona nikirudi kutoka kwa chifu na karatasi mkononi, ukaacha mchi ndani ya kinu ukaja mbio. Nikaisoma nikiwa nimesimama, nikaikunja, nikafunga leso upya, nikarudi nayo kulekule nilikotoka. Ukaniita. Sikugeuka. Baadaye ulimwambia cucu yako kwamba mama amerukwa na akili, na cucu, ambaye hajawahi kunitetea tangu niolewe na mwanawe, akakujibu kwamba umechelewa kugundua.

Pasi imerudi leo. Iko ndani ya sanduku, chini ya gauni la buluu. Kesho kafyu ikiisha utapanda lori la pamba hadi Embu, kisha basi la kwenda Nkubu, na hapo mtu wa misheni atakungoja akupeleke mpaka kwenye chuo cha walimu kule Githongo. Kabla hujaondoka nataka ujue kwa nini niliirudisha ile pasi ya kwanza. Ningeweza kukupotezea nafasi yako chuoni, na mtu akichezea nafasi ya mwanawe ni lazima ajieleze.

Sitakuambia uvae sweta. Kule juu kuna baridi, na ukianza kutetemeka utajikumbusha mwenyewe. Habari za kuoga, kusali, kuchemsha maji na kutowachekea askari, cucu amekwisha kuzisema mpaka kuku wetu wamezikariri. Mimi nitakueleza habari za kitabu cha baraza. Ulikuwa bado shuleni Embu nilipokitengeneza, na uliporudi ukakuta kimekwisha kupelekwa. Uliniuliza beberu wetu wa kahawia yuko wapi, nikakuambia baraza lilimla, ukacheka ukidhani natania.

Utashangaa pia kwamba nakuandikia Kiswahili, wakati mimi na wewe tunagombana kwa Kimbeere kila siku bila shida. Nimefanya makusudi. Kwenye kila kizuizi cha barabarani watafungua sanduku lako, na siku hizi barua iliyoandikwa kwa lugha ambayo askari haijui inakuwa barua ya watu wa msituni. Basi na isomwe. Wewe askari unayesoma sasa, hujambo? Hakuna siri humu. Ukimaliza ikunje kama ulivyoikuta, na viazi vya mtoto usiviguse.

Unajua nilijifunza kushona vitabu misheni kabla hujazaliwa. Sista aliyetufundisha alikuwa na maneno machache ya Kiswahili na mkono mwepesi wa kuchapa vidole. Tulikunja karatasi kubwa, tukalainisha mikunjo kwa kipande cha mfupa, tukaishona mmoja juu ya mwingine, tukapaka gundi ya unga tuliyoitia pilipili ili mende wasile vitabu vya nyimbo. Nilikuwa hodari, na nilijua kwamba mimi ni hodari, na hilo ndilo lililoniponza. Nilivuta uzi kwa nguvu zangu zote ili kitabu changu kiwe imara kuliko vya wenzangu. Sista alipokifungua, uzi ukapasua karatasi mgongoni kuanzia juu mpaka chini. Akanionyesha kwamba uzi huvutwa mpaka karatasi zikutane, basi, hapo unaacha. Vidole vyangu vilielewa siku hiyohiyo. Mdomo wangu ulichukua miaka, na utaona.

Ufundi huo ndio uliomleta chifu hapa kwetu. Unamjua, tumbo mbele na fimbo nyuma. Baraza jipya lilikuwa linajengewa ukumbi wa mabati, na Bwana DO, Mzungu wa tarafa yetu, alitaka pawe na kitabu cha heshima ambacho kila diwani, wa nyanda za juu na wa huku kwetu kwenye joto, ataweka mkono wake juu yake siku ya kuapishwa, kisha aandike jina au atie dole gumba ndani.

"Nyina wa Igoki," chifu akaniambia, "Bwana DO hataki hizi vitabu za duka. Anataka kitabu yenye mtu akiiona anajua baraza imekuja."

"Na pasi ya msichana?" nikamuuliza, maana ulikuwa karibu kumaliza shule na chuo kilikuwa kimekwisha kukuita.

"Fanya kazi kwanza. Pasi iko kwa mkono yangu."

Alisema kweli. Tangu baba yako achukuliwe, hakuna mtu wa nyumba hii anayevuka mto bila mkono wa chifu. Nawe unajua alivyochukuliwa, lakini nitaandika tena, kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa kilichofuata. Mtu alikwenda ofisini akasema kwamba Njagi, fundi wa cherehani wa soko la Kiritiri, amekula mbuzi. Kwingine, kula mbuzi ni shibe. Kwetu mwaka ule ilikuwa na maana moja tu, kwamba mtu amekwenda gizani akala nyama ya kiapo pamoja na watu wa msituni. Baba yako hakuila. Siku waliyoitaja alikuwa amelala humu na homa, na wewe ndiwe uliyemwekea kitambaa cha maji kichwani. Tulisema hivyo. Hakuna aliyeandika tulichosema. Aliyemsingizia alikuwa akikalia benchi la baba yako kila siku na kunywa uji wangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Simtaji, maana askari bado anasoma.

Basi nikaifanya kazi ya chifu. Niliifanya kwa hasira na kwa furaha, vyote viwili. Karatasi zilitoka Embu, nzito, zenye harufu nzuri ya upya. Nilikunja, nikashona kwa uzi niliopaka nta, nikaweka jiwe la kusagia juu yake zilale. Ukurasa wa kwanza nilichora pembeni mistari ile ambayo mama yangu alikuwa akiichora kwenye vibuyu, kwa wino mweusi na mwekundu, na katikati nikaandika jina la baraza kwa herufi kubwa, polepole, nikitoa ulimi kama mtoto. Kwa jalada nilikuwa na hazina. Sista alipoondoka kurudi kwao aliniachia bati lenye kipande cha ngozi nyekundu ya Ulaya, laini kama sikio la ndama. Nilikivika kitabu ngozi hiyo. Nakuambia kweli, nilikaa nikikitazama nikasahau kupika.

Kabla ya kukipeleka, akaja mzee Nthiga, mjomba wa mama yangu, yule wa koti la vita vya kwanza. Alikuwa mkubwa kuliko madiwani wote, na ndiye angeapa wa kwanza. Alikishika kitabu, akakigeuza, akakinusa.

"Kazi safi," akasema. "Huyu alikuwa mnyama gani?"

"Mbuzi, nafikiri. Imetoka Ulaya."

"Na nani alimla?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akakiweka kitabu mezani na kujifuta mkono kwenye koti.

"Nyina wa Igoki, watu wakitaka kufungamana, mnyama anachinjwa mchana, kila mtu akiona. Wanamla pamoja. Halafu ngozi yake inakatwa, kila mmoja anavaa ukanda wake hapa," akanionyesha kifundo cha mkono. "Hiyo ngozi ndiyo shahidi. Sasa hii ni shahidi wa nani? Mimi siwezi kuweka mkono kwa ngozi ya mnyama sikumla. Na wale wa juu, uwaulize, hawataweka."

Hapo ndipo nilipovuta uzi, mwanangu. Nilimjibu kama mtu aliyesoma anayemjibu asiyesoma. Nilimwambia mambo hayo yamepitwa, mbona Biblia ya padre imevikwa ngozi ya Ulaya na watu wanaapa juu yake kortini kila wiki?

"Ndiyo maana wanaapa uongo," akasema, akachukua bakora yake na kuondoka. Uji niliomwekea ulibaki hapohapo mezani. Katika maisha yangu yote hajawahi kutoka nyumbani kwangu bila kunywa uji.

Nikaenda kwa chifu kumweleza kwamba wazee watagoma. Alicheka, kisha akafunga mlango.

"Bwana DO alipokuja kufungua josho, si tulichinja mbuzi?"

"Mlichinja."

"Wazee wa juu na wa chini, si walikula?"

"Walikula."

"Basi. Sema hii ni ngozi ya ile mbuzi. Uliipaka rangi. Nani atajua?"

"Wataniuliza, chifu."

"Ndiyo, watakuuliza wewe. Wewe ni mtu ya misheni. Wanajua hudanganyi." Akavuta droo, akatoa karatasi ya pasi isiyoandikwa kitu, akailaza mezani mbele yangu. "Siku ya kitabu ndiyo siku ya pasi."

Nikasema, "Ndiyo, chifu."

Nataka ulijue hilo. Sikusita, sikumeza mate, sikuomba siku ya kufikiri. Nilisema ndiyo upesi na nikafurahi. Nilirudi njiani nikikuona umesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, watoto wa Githongo wamekaa kimya wakikuogopa. Mwenye nguvu mpishe, nikajiambia, na uongo wa ngozi ya mbuzi una ubaya gani? Haumwui mtu.

Nikaanza kujizoesha maneno. Mimi si mwepesi wa kudanganya, kwa hiyo nilitaka nisije nikajikwaa mbele ya wazee. Nilikuwa nimesimama hapa uani, kitabu mikononi, nikisema kwa sauti: "Wazee wangu, huyu ndiye yule mbuzi mliyemla. Nyote mlimla. Mlimla pamoja."

Nikasikia bakuli likianguka. Cucu yako alikuwa mlangoni, uji umemmwagikia miguuni na wala hausikii.

"Ni nani tena?" akaniuliza. "Ni nani tena wamesema amekula mbuzi?"

Alinishika leso kama mtoto. Unamjua cucu, mwanamke aliyemfukuza fisi kwa kijinga cha moto. Nilimshika, nikamketisha, nikamwambia hakuna aliyesemwa, mama, nilikuwa najizoesha tu. Akataka kujua kujizoesha nini. Nikamweleza. Hakunikemea, na afadhali angenikemea. Alijipangusa uji miguuni, kisha akasema, "Basi hata yule aliyemsema mwanangu alijizoesha mahali."

Niliona aibu, Igoki. Nyumba hii imebaki bila mwanamume kwa sababu mtu alitaja mbuzi na kusema nani amemla, na alikuwa anadanganya. Na sasa mimi, mke wa mtu huyo, nilikuwa uani kwake nikinoa uongo huohuo.

Madiwani walikuwa na mkutano kabla ya siku ya kuapishwa, mchana, ndani ya ukumbi mpya wa mabati, ambao kwa joto lile ulikuwa unatupika. Bwana DO mwenyewe alikuwapo, kijana mwenye shingo nyekundu. Nilikwenda na kitabu na kisu changu cha kukatia ngozi. Chifu aliponiita nikionyeshe, nilisimama mbele yao nikasema, "Ngozi hii imetoka kwenye bati la sista. Hakuna mtu humu aliyemla mnyama huyu, na mimi simjui." Kisha nikapitisha kisu mgongoni na kulibandua jalada lote. Lilitoa sauti mbaya. Mpaka leo nikikumbuka nalionea huruma.

"Huyu mama ni mgonjwa," chifu akamwambia Bwana DO. "Bwana yake iko kambini. Kichwa imeharibika."

Bwana DO akaniuliza kwa Kiswahili chake nataka nini. Nikamwambia. Na sikiliza, mwanangu, nilichokuwa naomba: ruhusa ya kuwakusanya wazee, kuchinja mbuzi, kula nyama yake pamoja na kufungamana kwa ngozi yake. Katika miaka hii! Watu wamepelekwa kambini kwa mambo madogo kuliko hayo.

"Mama," akasema, "wewe nataka mimi ruhusu kiapo?"

"Bwana, kiapo cha usiku kinafichwa. Hii tutachinja saa sita mchana, hapo nje, mlango wazi. Askari wako wakule. Wewe pia ukule."

"Mimi?"

"Wewe. Si hata kitabu ni yako?"

Mzee Nthiga ndiye aliyecheka wa kwanza. Halafu wazee wa juu wakaanza kunong'onezana, na mmoja akasimama akasema kwamba kama ni hivyo, wao wataweka mkono. Bwana DO alinitazama kama mtu anayetazama daraja la magogo. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba hakuna atakayevaa ukanda wa ngozi mkononi, kwa sababu polisi wa kwingine wakiuona hawataelewa. Akauliza mbuzi atatoka wapi. Nikasema atatoka kwangu.

Ndiyo. Beberu wa kahawia, ambaye tulimlea akupatie viatu na sanduku lenye kufuli. Ndiyo maana kesho unakwenda na viatu vya binamu yako, vyenye kisigino kilichoshikizwa kwa kijiti, na sanduku lililofungwa kwa kamba. Nilitaka kukuomba radhi kwa hilo, lakini nikijaribu kuandika radhi kalamu inakataa. Ungemwona Bwana DO akitafuna ubavu huku mafuta yakimtiririka kidevuni, na askari wamekaa chini na wazee, bunduki zimeegeshwa ukutani. Chifu alikula kuliko wote. Nilimwangalia kila tonge.

Ngozi ikawa yangu, na hapo nikafanya makosa ya haraka. Haraka haraka haina baraka, mimi mwenyewe nimekuimbia tangu utotoni. Nilitaka kitabu kiwahi siku ya kuapishwa, nikaiwamba ngozi kwenye jua la mchana, jua letu hili la Kiritiri. Ikakauka ikawa mbao. Nikajaribu kuikwangua kwa kisu cha vitabu, nikaipasua karibu na shingo. Nililia. Cucu akaja, akaigonga kwa kidole.

"Umezoea ngozi za Wazungu," akasema, "ambazo zimekufa mara mbili. Hii imekufa mara moja. Bado inasikia, lakini si kwa kisu."

Akaenda kutafuta mafuta ya mbarika. Wanawake wa rika lake walivaa ngozi mpaka walipozaa, wanazijua kama wewe unavyojua vitambaa vya duka. Tuliiloweka, tukaipaka mafuta, tukaisugua, tukaikanyaga, tukaipaka tena, yeye akinitukana na mimi nikimjibu, na nafikiri hatujawahi kupendana kama siku zile. Palipopasuka nilipashona. Ningeweza kuuficha mshono ule nyuma ya jalada, lakini nikauweka mbele, waziwazi, kwa uzi mweusi. Kazi yangu ilikuwa na kosa, na kila mtu alione kosa lenyewe lilipo.

Kanda zilizokatazwa kuvaliwa nazo hazikupotea. Nilimwambia kila diwani akate ukanda wake mwenyewe kwenye masalio ya ngozi. Nikafumua kitabu chote, nikakishona upya juu ya kanda hizo, ukifungua utaziona zimevuka mgongo, mmoja mmoja. Ukanda ambao mzee angevaa mkononi ndio unaoshika kurasa. Ukanda wa chifu uko hapo pia. Aliukata mpana, kama ilivyo tabia yake.

Siku ya kuapishwa kitabu kilinuka mbuzi na mbarika mpaka Bwana DO akapiga chafya. Mzee Nthiga alikinusa kama mara ya kwanza, akasema, "Huyu namjua," akaweka mkono. Wakafuata wa juu na wa chini. Maneno waliyoapa yalipangwa na wazee wenyewe, na nilisimama mlangoni nikimsikia kila mtu akiyarudia: sitasema juu ya mtu jambo nisilolijua, sitaliandika, sitaliwekea mkono. Chifu naye aliweka mkono, akarudia, jasho likimtoka. Mzee alipita kwangu jioni ile akanywa uji, vibuyu viwili.

Sasa nimefika kwenye pasi. Baada ya kitabu, chifu hakuitoa. Leo karani hayupo, kesho muhuri umepelekwa Embu. Nilijua ananiadhibu. Wewe ukarudi kutoka shuleni, siku za chuo zikakaribia, ukaanza kunitazama kwa macho yale. Juzi akaniita, akanipa karatasi iliyokunjwa vizuri, akacheka nami kwa upole. Nikashuka mlima karibu nikimbie. Nilipofika hapa nikaifungua na kuisoma.

Jina lako lilikuwa sawa. Safari ilikuwa sawa. Mama, Rwamba, sawa. Halafu palipoulizwa baba, palikuwa pameandikwa: amekufa.

Ndipo nikafunga leso.

Nilimkuta bado ofisini. Hakukasirika, mwanangu, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinieleza taratibu kama mtu anayenitakia mema, na pengine kweli alinitakia mema. "Nyina wa Igoki, nimekusaidia. Msichana ya mtu wa kambi atasumbuliwa Embu, atasumbuliwa Nkubu, hata hiyo chuo inaweza kumkataa. Yatima hakuna mtu anamsumbua. Ni kwa karatasi tu."

"Njagi alishikwa kwa karatasi," nikamwambia.

"Sasa unataka nini?"

"Chifu, ulikula mbuzi wangu."

Akaniambia niende nyumbani. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango wake mpaka kafyu iliponifukuza. Jana nikarudi nikakaa tena, na watu waliopita wakaniruka. Leo asubuhi akatoka, akanirushia pasi mapajani bila kuniangalia. Imeandikwa upya kwa mkono wake mwenyewe, nimeusoma mstari ule mpaka umenichosha macho: Baba, Njagi, fundi, yuko kizuizini.

Najua nilichokutwisha. Kwa ile ya kwanza ungepita kama upepo. Kwa hii watakushusha, watakugeuza mifuko, watakuuliza maswali ya kijinga kwa sauti ya juu mbele ya watu. Chuoni huenda wasichana wengine wakasogeza vitanda vyao mbali na chako. Huenda nimekosea. Kama ni hivyo niandikie unitukane. Barua yako nitaisoma na sitamwonyesha cucu.

Lakini kaa kidogo ufikirie nilichofikiria mimi juzi nikiwa nimesimama mlangoni na ile karatasi. Kwenye kizuizi cha barabarani Embu askari angekuuliza, baba yako yuko wapi? Nawe ungejibu, amekufa. Nkubu wangekuuliza tena, ungejibu tena, amekufa. Na chuoni, na kanisani, na kwa kila rafiki mpya. Mara ya kwanza ingekuchoma. Baadaye ungejibu huku ukitafuna kiazi. Na siku atakapofunguliwa, akaja kukutafuta huko juu na sindano zake kwenye ukosi wa koti, angekuta binti yake amekwisha kuzoea.

Kwa hiyo nenda nayo hii. Wakikuuliza, usiangalie chini na usinong'one. Taja jina lake lote na kazi yake na soko lake, useme yuko hai, na useme kwa sauti ya kumfikia hata yule askari aliyekaa nyuma kabisa kwenye gari.

Mama yako,
Rwamba, mke wa Njagi